Paka wa Sultani aingie skuli ya maandalizi

Miongoni mwa hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya hapa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, imo ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza na ndama. Watu wanakwenda kwa Sultani kushitaki, naye anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake pia, basi wao linawahusu nini? Paka anaendelea: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, na kila mara washitaki wanarudi makwao na jibu lile lile, kwamba kilicholiwa ni cha Sultani na aliyekila ni wa Sultani. Halafu analiwa mtoto wa mtu. Jibu halibadiliki. Analiwa mtu mzima, jibu ni hilo hilo. Mpaka siku paka, ambaye sasa amekwishageuka kuwa nunda mla watu, anapowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba anapozinduka kuwa huyu hafugiki tena. Mwanawe wa mwisho anaingia mwituni kumsaka. Kila mnyama anayemuua anamleta kwa mama yake akidhani ndiye, na mama anamwambia siye, mpaka anampata. Wazee wametutisha kwa nunda huyu ili tulale mapema. Kwa maoni yangu wametumia robo tu ya hadithi. Robo tatu zilizobaki zinahusu mlango wa Sultani na watu wanaorudishwa pale mlangoni, na hizo zingefaa kuwa kitabu cha kwanza cha haki za raia atakachofunguliwa mtoto wa maandalizi.

Mwalimu hana haja ya kuwaeleza watoto wa miaka mitano maana ya kuonewa, kwa sababu wamekuja nayo kutoka nyumbani. "Ananionea" ni katika maneno ya mwanzo ambayo mtoto wa Unguja huyatumia kushitaki, na ukilichungua utaona lina uzito ambao "ananipiga" halina. Anayekupiga huenda mna nguvu sawa. Anayekuonea amekuzidi, na anakufanyia kwa kuwa anajua humfanyi kitu. Kwa hiyo mtoto anayelia "ananionea" amekwishapima nani mkubwa na nani mdogo, na ameamua kwamba ukubwa peke yake si ruhusa. Asichokijua ni kwamba neno hilo linatumika pia nje ya uwanja wa kuchezea, kwamba mwenye nyumba anaweza kuonea, bwana shamba anaweza kuonea, hakimu anaweza kuonea, na kwamba kila mmoja wao ana mahali anapoweza kushitakiwa. Pengo hilo kitabu cha picha cha kurasa 24 kinaweza kuliziba. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 imekwisha kuiingiza maandalizi katika elimu ya lazima, kwa hivyo darasa lipo na mwalimu yupo. Ninachokidai ni kwamba haki za raia zianze humo, kwa vitabu vya picha vilivyotokana na hadithi na historia za visiwa hivi, na kwamba katika picha hizo waonekane watu wa kawaida wakidai chao, asionekane mkombozi mmoja akigawa haki kama sadaka ya Ijumaa.

Wa mwanzo kupinga watasema watoto hawa ni wadogo mno. Nawaomba wakumbuke jaribio la wanasesere. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili weusi wa Marekani, mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, waliwawekea watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana na wewe. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Baadhi, walipofika swali la mwisho na kutakiwa kumwonyesha anayefanana nao, walilia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku kutenganisha skuli kwa rangi mwaka 1954, utafiti huo ulikuwa miongoni mwa vilivyotajwa katika hukumu. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitatu amekwishaanza kusomeshwa nani mtu na nani si mtu. Mwalimu wake ni dunia, na dunia haingoji afike darasa la sita. Kwetu hahitajiki mwanasesere. Sikiliza tu watoto wanavyotukanana wakati wa mapumziko: mshenzi, kijakazi, mtumwa, wa kuja, zeruzeru, kiguru. Neno "mshenzi" pwani hii lilikuwa jina la mtu wa bara, yule ambaye misafara ilikuwa ikimfuata huko aliko, na leo linatoka mdomoni mwa mtoto ambaye hata Bagamoyo hajafika. Ameliokota barazani na jikoni, na kwenye daladala ya Amani. Anayesema mtoto ni mdogo mno kwa somo la usawa amechelewa. Somo la dharau limeshamtangulia darasani.

Kwa nini basi kiwe kitabu cha picha, isiwe hotuba ya mwalimu wala shairi la kukariri? Kwa sababu picha inamruhusu mtoto kuangalia kwa muda anaoutaka, na kuangalia kutoka pale alipo yeye. Nenda Mkunazini, kwenye kiwanja cha kanisa kuu la Kianglikana, palipokuwa na soko la watumwa hadi Sultani Seyyid Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga mwezi wa Juni 1873, huku manowari za Waingereza zikimtishia kuizingira bandari. Humo mna sanamu za Clara Sörnäs, mchongaji wa Kiswidi, zilizowekwa mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingo zao zimefungwa mnyororo. Mtu mzima anawatazama kwa juu na kuona zaidi vichwa na mabega. Mtoto wa miaka sita akisimama ukingoni, kwa ufupi wake, uso wake unakuwa karibu zaidi na nyuso zile, na anaanza kuuliza anayoyaona: mbona hawatazamani, mbona yule hana shati, mnyororo umefungwa na nani, na ufunguo uko wapi. Maswali yote hayo ni ya haki za raia, na lile la ufunguo linayazidi mengine. Lakini mara nyingi mtoto huyu hufika pale bila kuandaliwa kwa chochote, anasikia mwongozaji akiwaelezea wageni kwa Kiingereza, kisha anapandishwa basi kurudi skuli na anachobaki nacho ni woga. Angefika akiwa na kitabu cha paka kichwani, angelijua shimo lile ni la nani. Ni la yule aliyesema kilicholiwa ni changu na mlaji ni wangu.

Mchoraji wa Kimarekani Norman Rockwell alilijua jambo hili la kimo. Mchoro wake wa Ruby Bridges ulitoka katika gazeti la Look la tarehe 14 Januari 1964 (Unguja siku hiyo ilikuwa na mambo mengine, Mapinduzi yalikuwa na siku mbili tu). Ruby alikuwa na miaka 6 alipoingia skuli ya weupe mjini New Orleans tarehe 14 Novemba 1960, akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu. Katika mchoro maofisa wanne wanamzunguka, lakini Rockwell amewakata mabegani: vichwa havimo. Wanaonekana suti, mikono na vitambaa vya begani. Mwenye uso ni mtoto peke yake, rula na madaftari mkononi, na nyuma yake ukutani kuna doa la nyanya iliyorushwa na mtu ambaye hatumuoni. Mtoto anayeutazama mchoro huo anaiona dunia ya wakubwa kama anavyoiona kila siku, yaani kuanzia kiunoni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1995, Robert Coles na mchoraji George Ford wakaitoa habari ya Ruby kuwa kitabu cha picha, na vitabu vya namna hiyo Marekani sasa vimejaa makabati.

Hata hivyo tusivichukue vitabu vile pamoja na kasoro zao. Wamarekani wenyewe wamelalamika kwamba vingi vinamchora Rosa Parks kama mama mshonaji aliyechoka miguu, akakaa kwenye basi, na dunia ikageuka. Parks alikuwa katibu wa tawi la chama cha kupigania haki za watu weusi mjini Montgomery, alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati kiangazi cha mwaka 1955, na kukataa kwake kuondoka kitini mwezi wa Disemba kulifuatiwa na mgomo wa mabasi wa siku 381 ambamo maelfu ya wapishi, madobi na wafagiaji walikwenda kazini kwa miguu. Watoto wakichorewa kiti kile peke yake wanajifunza kwamba haki huletwa na mtu mmoja wa ajabu, na kwamba kazi yao wengine ni kumsubiri. Hadithi ya Sultani Majinuni, kwa uzuri wake wote, ina upungufu huo huo. Washitaki wanakuja na kurudi, wanakuja na kurudi, na mwisho anayewaokoa ni mtoto wa mfalme, baada ya mfalme kuumia yeye. Na Mkunazini tunaihadithia vivyo hivyo: akaja Livingstone akaandika, akaja Kirk, balozi wa Uingereza, akasisitiza, Sultani akatia saini, Askofu Steere, yule yule wa hadithi, akajenga kanisa. Watumwa wenyewe wamo katika hadithi kama mizigo, wanashushwa jahazini na kupandishwa uhuru. Hata vyumba vya chini ya ardhi wanavyoonyeshwa wageni, ambavyo baadhi ya wanahistoria wanavitilia shaka kama kweli viliwahi kuwekewa watumwa, vinatuonyesha mtu aliyefungiwa, havituonyeshi mtu aliyetoka.

Aliyetoka yuko wapi? Yuko kwenye kanga. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Seyyid Hamoud, ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, na amri yenyewe ilikuwa na mizengwe: mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia alilipwa bwana. Msomee mtoto wa miaka sita maneno hayo halafu umuulize nani alistahili kulipwa, hatakuchelewesha. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Sasa tazama waliyoyafanya wanawake waliotoka utumwani. Nguo ya mtumwa mwanamke ilikuwa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na ua, au merikani isiyotiwa rangi, na ushungi haukuwa wake. Kujifunika ni kwa waungwana. Walipopata nafasi yao waliiweka kaniki kando. Walinunua kanga, doti kwa doti, zenye pindo na mji na baadaye zenye jina. Wakajitanda, na wengine wakavaa buibui kama mabibi waliokuwa wakiwatumikia jana. Hakuna aliyewaruhusu na hakuna aliyewapa. Kitabu cha picha hakiwezi kupata maudhui bora kuliko haya: ukurasa wa kwanza weusi mtupu, wa pili weusi na weupe, kisha rangi zinaanza kuingia, nyekundu ya Kisutu, manjano, korosho kwenye pindo, mpaka ukurasa wa mwisho unawaka. Mtoto hata kusoma hajui, na ameelewa. Tena nyumbani anazo kanga, anaweza kuzishika.

Humo humo atakuwamo mtoto wa Fumba aliyezaliwa yapata mwaka 1880 na wazazi waliotoka bara, akaitwa Mtumwa. Hilo ndilo jina alilopewa. Alikuja mjini kuuza vyungu, na sauti aliyokuwa akiinadia vyungu ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akiwa mwimbaji Siti binti Saad. Kutoka Mtumwa hadi Siti, kutoka kitu cha mtu hadi bibi, ni safari ambayo mtoto yeyote mwenye jina la utani asilolipenda ataifuata kwa makini. Na kwa kuwa nimeonya juu ya shujaa mmoja, nyuma ya Siti achorwe mtaa: Ng'ambo ya miaka ile, ambako watu walijenga nyumba zao wenyewe juu ya viwanja vya wengine, na kodi ya kiwanja ilipozidi, mwaka 1928 hiyo hiyo, wakakataa kulipa, wanaume na wanawake. Mtoto anayevuka leo kutoka Darajani kwenda Michenzani anapita palipokuwa na maji, mkono wa bahari uliotenga nyumba za mawe na vibanda vya makuti. Jina Darajani limebaki, maji hayapo. Mchoro wa daraja hilo, mtoto upande huu na mtoto upande ule, unahitaji maneno matatu tu chini yake.

Kisha kuna Kiembe Samaki, na hapa nakiri nina upendeleo, kwa sababu ina ng'ombe na watoto wanapenda ng'ombe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wachanjwe kwa nguvu dhidi ya kimeta. Wakulima wa Kiembe Samaki, ambao tayari walikuwa na kinyongo cha ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa. Wakakamatwa, wenzao wakakusanyika kuwatetea, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Wazee wanaviita Vita vya Ng'ombe. Wakulima hao hao wakaunda chama, na jina walilokipa lina neno ambalo inafaa tulitazame: kilikuwa chama cha kitaifa cha raia wa Sultani. Raia, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kundi linalochungwa. Watu waliokataa ng'ombe wao kuchomwa sindano walijiita kwa neno la kuchungwa, na ndani ya miaka michache neno likageuka mikononi mwao, likawa jina la mwenye kudai. Sisemi kwamba walikuwa sahihi juu ya chanjo; kimeta huua ng'ombe na huua watu. Lakini hata hilo ni somo zuri kwa mtoto: unaweza kuwa na dawa nzuri na bado ukamuonea unayempa, usipomuuliza. Picha za risasi na maiti si za maandalizi. Picha ya watu wengi wamesimama mbele ya zizi inatosha.

Nawasikia wale watakaosema hapa tunachezea moto. Visiwa hivi vina majeraha: biashara ya watumwa, uchaguzi wa miaka ya 1950 na 1960, Januari 1964 na waliouawa na waliokimbia, mauaji ya Januari 2001. Katika darasa moja wamekaa wajukuu wa waliouza, wa waliouzwa na wa waliohesabu fedha. Ukimchora mwenye mnyororo utamchora na aliyeushika, na mtoto atageuka kumtazama mwenziwe. Woga huu nauheshimu, lakini dawa yake si ukimya, kwa kuwa ukimya haupo. Mtoto anaambiwa mambo haya nyumbani, nusu nusu, kwa mafumbo, na kila nyumba ina yake. Kitabu kinaweza kuyapima vizuri kuliko baraza. Kinaweza kusema jambo ambalo mafumbo ya nyumbani huliruka: kwamba kwa desturi ya usuria mtoto wa mtumwa mwanamke na bwana huru alizaliwa huru na akabeba nasaba ya baba, kiasi kwamba wana wa Seyyid Said waliorithi kiti walizaliwa na masuria. Barghash aliyetia saini kulifunga soko la Mkunazini alikuwa mtoto wa mama wa namna hiyo. Basi ukiwatenga darasani watoto wa mabwana huku na watoto wa watumwa kule, wengi itabidi uwakate katikati. Na kwa mambo ya 1964 nakubali: yasubiri. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuambiwa kwamba zamani skuli zilikuwa za kabila kabila na za wenye nazo, na kwamba tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa elimu bila malipo, siku anayoiona ikisherehekewa kila mwaka. Mengine ayakute akiwa na umri wa kuyauliza vizuri.

Pingamizi linalosikika zaidi, hata hivyo, si hilo la historia. Ni la adabu: haki za watoto zimeletwa na Wazungu, zitamfanya mtoto amjibu mzazi, ashindwe kukaa. Wanaosema hivyo wamesahau walichosomeshwa chuo cha Kurani. Mtoto wa Unguja kabla hajajua kuandika jina lake amemjua Bilal bin Rabah, mtumwa mweusi aliyelazwa juu ya mchanga wa moto chini ya jiwe na akakataa kusema alichotakiwa kusema, kisha akapewa heshima ya kuadhini. Amesikia, au atasikia, namna Khalifa Umar alivyomgombeza gavana wa Misri ambaye mwanawe alimpiga raia mnyonge, akimuuliza tangu lini watu wanafanywa watumwa na hali mama zao wamewazaa huru. Ukiutafuta mfano wa mtu mdogo aliyemshitaki mkubwa na mkubwa akawajibika, ni huo, na haukutoka Ulaya. Hata katika mikataba tunayoitilia shaka, umo wenye sura yetu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, una kifungu cha 31 kinachomtaja mtoto kuwa ana wajibu pia: kwa familia yake, kwa wazazi na wakubwa wake, kwa jamii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unazitaka nchi ziujulishe kwa watu wazima na kwa watoto wenyewe, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Na. 6 ya mwaka 2011 imekwishapita. Sheria ambayo mwenye nayo haijui ni kama taa ndani ya sanduku. Ama adabu, iko tofauti kubwa kati ya mtoto anayembishia baba yake na mtoto anayejua kusema kwa sauti kwamba mtu fulani amemfanyia jambo asilolitaka. Wa pili ndiye tunayemhitaji, na tunamhitaji akiwa na miaka mitano, kwa sababu wanaowadhuru watoto hawangoji wakue.

Limebaki la fedha. Skuli nyingi hazina vitabu vya hesabu vya kutosha, na mimi naleta paka! Ni kweli, lakini tazama tulichonacho. Mji Mkongwe una wachoraji mlango kwa mlango. Kuanzia Gizenga hadi Hurumzi kuta zimefunikwa na turubai za twiga, simba na vifaru, wanyama ambao mtoto wa Unguja hajawahi kuwaona kisiwani kwake, wakisubiri mgeni wa kuwatia ndani ya sanduku. (Kima punju wa Jozani, mwenyeji hasa, hauziki.) Mikono hiyo inayojua kuchora kwa kazi ya wiki moja inaweza kutoa kurasa 24. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukifanya kazi Bara tangu mwaka 1991, kwa hivyo njia ya kuandika, kuchora na kusambaza vitabu vya Kiswahili vya watoto si msitu usio na kijia. Taasisi ya Elimu Zanzibar ipo, Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo, na maandalizi za kimadrasa zilizoanzishwa hapa tangu mwaka 1990 zimeonyesha kuwa mwalimu mwenye vifuu, makuti na makopo matupu anaweza kuendesha darasa zuri. Kitabu kimoja kikubwa cha kusimamishwa mbele ya darasa kinatosha watoto arobaini.

Na kuna aibu ndogo ambayo ingefaa itusukume. Mwaka 1971, wakati Wamarekani weusi wakitafuta namna ya kuwaambia watoto wao kwamba wao ni watu, Muriel Feelings, aliyewahi kusomesha Uganda, na Tom Feelings waliwatolea kitabu cha picha cha kuhesabu, Moja Means One. Miaka mitatu baadaye wakatoa cha alfabeti, Jambo Means Hello. Vyote viwili vilipata tuzo kubwa za uchoraji kule. Lugha waliyoichagua kumrudishia mtoto wa Harlem heshima yake ni hii yetu. Wangari Maathai wa Kenya naye, alipopata Nobeli mwaka 2004, haikuchukua muda watoto wa Marekani wakawa na vitabu vyake vya picha, kimoja, viwili, vitatu. Kiswahili na watu wa Afrika Mashariki wamekuwa malighafi ya vitabu vya haki vya watoto wa wengine, kama karafuu: inachumwa hapa, inanukia kwingine.

Paka wa Sultani atatosha kwa kuanzia. Kurasa za kwanza zijirudie kama hadithi inavyojirudia, mlango ule ule, kiti kile kile, Sultani anazidi kunenepa na paka anazidi kukua, ili ifikapo ukurasa wa tano darasa zima linaitikia jibu la Sultani kabla mwalimu hajalisoma. Ila jambo moja lirekebishwe katika michoro. Kwa Steere watu hawana sura. Wachorwe kila mmoja na yake, mama mwenye ndama na kanga yake, mwenye punda na kofia yake, mzee mwenye mkongojo, mtoto mwenye ualbino na kofia pana ya jua, na kila ukurasa wazidi kuongezeka mlangoni, wawe kwanza mmoja, halafu wawili, wanne, kumi. Na pale mtoto wa mtu anapoliwa na Sultani anapofungua mdomo kujibu yale yale, upande wa pili wa ukurasa uachwe mweupe, bila mchoro wala neno, na mwalimu agawe kalamu za rangi.